Kitufe cha Kuziba Mdomo

Siku ya maombi ya Mueni, kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda Ukambani, nilifika nyumbani kwake Njiru nikakuta wanawake wameshagawana kazi, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kuchambua maharagwe. Nikapindua ndoo nikaketi. Upande wa pili wa sinia alikuwa mama mmoja mnene wa miwani, leso kiunoni, anatoa mawe kwenye maharagwe kwa ncha za vidole, haraka haraka, kidole hiki kikigusa na kile kikigusa, kama mtu anayepiga taipu. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Vidole ndivyo nilivyovitambua. Nikaacha kuchambua nivitazame vizuri, maana nilikuwa nimeviwaza vidole hivyo kwa miaka mingi kuliko nilivyomuwaza mume wangu. "Wewe ni Stella," nikamwambia. Akainua macho, akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. "Kalekye wa chapati," akasema. "Mungu wangu. Umezeeka, siz." Nikamwambia na yeye hakubaki nyuma. Mama aliyekuwa anamenya vitunguu karibu yetu akacheka, akidhani sisi ni marafiki wa zamani.

Habari za nyumbani kwetu sitaziweka hapa. Baba na mama hawana hatia katika jambo hili. Wenye hatia nitawataja: Gathuku, aliyekuwa meneja, na huyu Stella Mumbua, aliyekuwa karani wa mikopo. Shirika lenyewe lilishakufa, na jina lake sitalipa heshima ya kuliandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na mkinikuta na makosa mtanisamehe au mtaniacha, vyote sawa. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka ambao mimi na Mueni tulikaa chumba kimoja pale mtaa wa Tena, Nairobi, na nikajifunza kwamba mashine inaweza kuzibwa mdomo kama mtu.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya tangi la maji, kwa hiyo tulikuwa tunasikia maji yakipanda na tunasikia yakiisha. Pazia la maua liligawanya kitanda changu na chake. Dirisha lilikuwa moja na lilikuwa la cherehani. Mueni hakukubali kitu kingine kikae pale, hata kikombe. Ilikuwa cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa mguu, yenye maandishi ya dhahabu yaliyokwisha kufutika upande mmoja pale alipokuwa akiegemeza mkono. Alikuwa anashona sare za shule na kanzu za kwaya, na mguu wake wa kulia ulikuwa umezoea kukanyaga kiasi kwamba hata tukila muthokoi Jumapili, sahani mapajani, kile kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka sakafuni. Nikimwambia, "Mueni, unashona nini sasa?" ananijibu, "Nashona mdomo wako." Tulikuwa na miaka ishirini na kitu. Tulikuwa tunacheka sana, na siwezi kukumbuka tulikuwa tunacheka nini hasa. Nimejaribu.

Kibanda changu cha chakula kilikuwa nyuma ya ofisi ya hilo shirika, mgongo kwa mgongo. Ofisi ilikuwa imeongezewa chumba cha mbao kwa nyuma, na ukuta wa hicho chumba ndio uliokuwa ukuta wangu. Ubao mmoja ulikuwa umepinda, na kupitia hapo nilikuwa nawapa chai bila kuzunguka, na wao wananipa maneno bila kujua. Nikikanda unga nilikuwa nasikia watu wanaulizwa wana watoto wangapi, wanalipa nyumba shilingi ngapi, makaa wananunua wapi. Halafu nasikia vidole vya Stella, taratataa, halafu kimya, halafu Stella anasema, "Mashine imesema." Hapo ndipo nilipokuwa naacha kukanda. Nilitaka sana kujua imesemaje. Mtu hajaonekana na mashine hata siku moja, haijala kwake, haijui kama mumewe ni mlevi, na inasema. Wakati mwingine baada ya hiyo "mashine imesema" nilikuwa nasikia sauti ya Gathuku, nzito, ya mtu aliyeshiba, "Hiyo ni kidogo. Izibe mdomo." Na Stella anabonyeza, tap, moja tu. Nikabaki najiuliza mashine inazibwa mdomo na nini.

Siku moja Stella alikuja kula mapema, chapati na madondo, kabla wenzake hawajatoka, na nikamuuliza waziwazi. Hakuwa mtu wa kiburi wakati ule. Alikuwa msichana mwembamba wa Machakos aliyepata cheti cha kompyuta na viatu vya mchuchumio vya kuazima. "Unataka kuona?" akaniuliza. Nikafuta mikono kwa aproni nikamfuata. Ile kompyuta ilikuwa na mgongo mkubwa kama televisheni ya zamani, na joto lake lilikuwa linanipiga usoni kama la jiko. Akaniuliza maswali yale yale niliyozoea kuyasikia, mauzo yangu kwa wiki, unga, mafuta, makaa, kodi ya chumba, pesa ninazotuma nyumbani. Kila nilipotaja akaandika, na kwa chini kulikuwa na namba moja iliyokuwa inapanda na kushuka yenyewe bila yeye kuigusa. Nikitaja mauzo inapanda, nikitaja makaa inashuka. "Hiyo ndiyo nini?" nikauliza. "Hiyo ndiyo unaweza kulipa kila wiki bila kulala njaa. Mimi siiandiki. Inajipigia hesabu." Nikamwambia aongeze bei ya makaa, nione. Akaongeza. Ikashuka. Nikamwambia arudishe. Ikarudi. Nilicheka kama mtoto. Ilikuwa imenijua. Mwisho wa kila kitu ikasimama kwenye mia tatu, na mia tatu ilikuwa kweli tupu, ndiyo niliyokuwa naweka kwenye kopo la majani ya chai kila Jumamosi, na hakuna aliyejua hilo kopo isipokuwa Mueni.

Gathuku alitukuta hapo. Alisimama nyuma yetu na kijiti cha meno mdomoni. "Mama wa chapati anataka mkopo?" Nikasema hapana, naangalia tu. "Unaangalia bure?" akasema. "Huna haja ya sufuria kubwa? Huna haja ya meza? Wateja wako wanakula wamesimama kama punda." Akamwambia Stella ampigie huyu mama mkopo wa maana, mwezi unaisha na ofisi haijafikisha lengo la mikopo. Stella akasema mashine imesema mia tatu kwa wiki, na kwa mia tatu mkopo ni mdogo. "Izibe mdomo, weka mia tisa." Ndipo nikaona kwa macho. Stella alienda juu ya ile namba, akabonyeza kitufe kimoja kwenye mstari wa juu, tap, na namba ikageuka manjano. Kisha akaandika mia tisa kwa mkono wake. Nikauliza, "Na sasa haipigi hesabu tena?" Gathuku akanigusa bega. "Mama, mashine inaogopa maisha. Wewe unaogopa?" Nimeyarudia hayo maneno mara nyingi nikiwa peke yangu. Ni maneno matamu. Mtu wa kuuza nyama angeyatumia.

Mdhamini akatakiwa, mtu mwenye kitu cha kushikwa. Mueni akaweka cherehani. Sikumbembeleza. Alitia sahihi akiwa amesimama, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya blauzi, akasema, "Ukinifanya nishone kwa mkono nitakushona wewe." Tukaenda tukanunua sufuria, meza mbili, mabenchi, na jiko la kuni lenye bomba. Kwa miezi michache nililipa mia tisa. Niliweza kwa sababu mafundi wa mjengo wa ng'ambo walikuwa wanakula kwangu mara mbili kwa siku, na Mueni akimaliza kushona alikuwa ananisaidia kuosha vyombo huku akinisimulia habari za wanakwaya na vipimo vya viuno vyao. Nilikuwa najiambia labda Gathuku alikuwa sahihi, labda mashine kweli ilikuwa mwoga.

Halafu kanjo, askari wa jiji, wakaja. Walikuja asubuhi na lori na nyundo, wakavunja safu nzima ya vibanda, changu, cha Mama Nduta wa makaa, cha kinyozi. Mabenchi walipakia. Jiko nililiokoa likiwa bado na moto. Ofisi ya mkopo haikuguswa, na kupitia ule ubao uliopinda nilimwona Stella ameshika kikombe changu, ananitazama. Tangu siku hiyo nikawa napikia chumbani na kubeba chakula kwa ndoo mpaka kwenye mijengo, na mauzo yakaporomoka. Lakini kulikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri, nitasema ukweli hata kwa adui. Biashara ya mtu ikipata ajali, alikuwa anaitwa ofisini, hesabu zake mpya zinaandikwa kwenye mashine, na malipo yanashushwa kulingana na hali yake, anaongezewa muda.

Tulienda pamoja, mimi na Mama Nduta. Yeye alitangulia kukaa. Stella akaandika mauzo yake mapya, na namba yake ya chini, ile nyeusi, ikashuka papo hapo, na malipo yakashuka nayo. Mama Nduta akapiga makofi. "Mashine ina huruma kushinda watu!" Nikakaa mimi. Stella akaandika mauzo yangu ya ndoo. Nikaona namba zinasogea, hii inapungua, ile inapungua, skrini nzima inatembea. Moja tu ilikuwa imesimama. Mia tisa. Manjano. "Mbona hiyo haisogei?" nikauliza. Stella akaitazama. Aliitazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande. Kisha akatazama mlango wa Gathuku. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo mliiziba mdomo. Si muizibue?" Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nilikuwa nauliza kweli, kama nilivyouliza habari ya bei ya makaa. Gathuku akatoka. "Kuna nini?" Stella akasema, "Ya Kalekye haishuki." Gathuku hata hakuinama kutazama. "Basi ana uwezo. Mashine imesema." Nikamwambia mashine haijasema kitu, umesema wewe. Akacheka, akawaambia waliokuwa wamekaa kwenye foleni, "Mnamsikia? Mama wa chapati sasa anatufundisha kompyuta." Na foleni ikacheka, watu wa kukopa kama mimi, kwa sababu ukiwa kwenye foleni unacheka na aliye mbele.

Nilishindwa kulipa. Mueni aliitwa. Alikwenda peke yake, na aliporudi hakuvua viatu. Akakaa kwenye kiti cha cherehani lakini akaigeuzia mgongo, anitazame mimi. "Kalekye, kuna pesa umeficha?" Nilidhani anatania. Nikacheka. "Nimeficha wapi, kwa unga?" Hakucheka. Akaniambia Stella alimgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Ameona ya Mama Nduta imeshuka, ameona yangu imesimama. "Mmevunjiwa siku moja. Kwa nini yeye mashine imemhurumia na wewe imekukataa?" Nikamweleza yote, kitufe, manjano, mdomo kuzibwa. Nilieleza vibaya. Hata mimi nikijisikia nilikuwa nasikia mtu anayetunga. "Mashine ina mdomo?" akaniuliza. "Sasa umeanza kuniletea hadithi za sungura?" Nikatoa lile kopo la majani ya chai, nikalimwaga kitandani, likatoa vumbi la chai na sarafu mbili tatu. Akalitazama. "Hilo ndilo unalonionyesha," akasema taratibu. "Gathuku hanipendi wala hanichukii, anaweza kudanganya. Stella anaogopa kazi, anaweza kudanganya. Lakini ile mashine haikujui, Kalekye. Itakusingizia kwa faida gani?"

Nilikuwa nimeiamini vile vile mimi mwenyewe siku ile iliponiambia mia tatu.

Walikuja kuichukua cherehani mchana, vijana wawili na mkokoteni, Gathuku amesimama chini kwenye ngazi akicheza na funguo za gari. Mueni alichomoa sketi ya shule aliyokuwa amefika nayo nusu, akakata uzi kwa meno, akatoa bobini akaitia mfukoni. Kisha akawaambia vijana washike chini, si juu, juu inalegea. Walipokwisha kushuka akakaa kitandani upande wake wa pazia, na mimi upande wangu, na kwa chini ya pazia nilikuwa naona mguu wake wa kulia. Ulikuwa unakanyaga. Mwisho wa mwezi akahamia kwa binamu yake, mtaa wa Lucky Summer. Alichukua sufuria yake moja na pazia.

Tulikuja kusalimiana tena baada ya miaka mingi. Alinunua cherehani nyingine, akapata mabinti, akajenga Njiru, na mimi nikawa napitia kwake Krismasi na mkate na majani ya chai. Alikuwa ananikaribisha. Alikuwa ananipa kiti kizuri. Lakini nikiingia, mkoba wake ulikuwa unahama kutoka mezani kwenda chumba cha ndani, taratibu, na mimi nilikuwa natazama ukutani mpaka uhame. Siku hizi watu wanakopeshwa na simu, simu inakataa au inakubali na mtu hana hata wa kumuuliza kwa nini, na nikiwasikia vijana wa mtaani wakisema, "Mathe, simu imenikataa," huwa nawauliza imekataaje, kwa rangi gani. Wananiona nimechanganyikiwa.

Basi siku hiyo ya maombi, baada ya watu kula na mchungaji kuondoka, vilibaki vyombo. Stella alisema, "Nikusaidie kuosha." Nikampa sufuria kubwa kuliko zote, ile iliyopikiwa kwa kuni, nyeusi nje kama usiku na ndani imeungua. Nikakaa na kikombe changu kumtazama anavyosugua. Nikamuuliza swali nililomuuliza kule mtaa wa Tena, kwa sauti ile ile. "Ile namba yangu, kwa nini hukuizibua?"

Hakujifanya amesahau. "Sikujua inazibuliwaje," akasema. "Semina ilikuwa ya siku moja, Kalekye. Walitufundisha kuziba tu. Wewe uliponiuliza, mimi pia ndiyo nilikuwa nagundua kwamba ikizibwa inabaki hivyo. Niliogopa kusema sijui."

"Na Gathuku alijua?"

"Hiyo sijui mpaka leo. Alikufa bila kuniambia."

"Na wewe ulikuja kujua?"

"Nilihamia kazi nyingine. Ilikuwa programu ile ile. Siku moja nimekosea nikabonyeza mara mbili." Akainua sufuria, akaigeuza matako juu kwenye mapaja yake, na kwa kidole chenye sabuni akaanza kuchora kwenye masizi. Akachora mstari wa vitufe, vidogo vidogo, kama meno. Kisha akaweka kidole juu ya kimoja. "Hiki ndicho cha kuziba. Ndicho hicho hicho cha kuzibua. Unabonyeza tena, manjano inatoka, inaanza kupiga hesabu yenyewe."

Niliinama nikakitazama. Nilivuta ndoo yangu karibu nikitazame vizuri zaidi. Kilikuwa mstari wa juu, upande wa kulia. Nilikuwa nimesimama karibu nacho hivi, siku ile, mkono wangu bado una unga.

"Ni hicho tu?"

"Ni hicho tu."

Ndani ya nyumba mabinti wa Mueni walikuwa wanakunja nguo zake. Nikamuuliza Stella aliwezaje kuwa hapa, nani alimwalika. Akasema alikuwa mteja. Walikuwa kanisa moja hapo Njiru, Mueni alikuwa anamshonea nguo za umoja wa akina mama kila mwaka, alikuwa na vipimo vyake vyote kichwani. Kila mwaka, Stella alikuwa amesimama mikono imenyooshwa, na Mueni anamzungushia futi kiunoni.

"Ulimwambia?"

Maji ya sabuni yalikuwa yanashuka polepole juu ya vile vitufe, yanavila kimoja kimoja. Stella hakuvua miwani safari hii. "Nilikuwa nasema nitamwambia," akasema. "Alikuwa na pini mdomoni kila mara."

Nikamalizia chai yangu. Nikakitazama kile kitufe mpaka maji yakakifikia.

"Sugua," nikamwambia.